Anza Kulia

Tiketi yangu ni mia na kumi na nne.
Dirishani wako tisini na sita.
Kiyoyozi cha ofisi hii ya Maskati
kinanipuliza kama kinanidai,
na Thuraya, mpwa wangu, mzaliwa wa hapa,
ananifunika magoti kwa mtandio wake:
"Shangazi, usichanganye Kiswahili.
Ukikwama, nitazame mimi."

Miaka thelathini na moja nashona sare za skuli
chumba cha nyuma, Mabela, cherehani mbili, feni moja.
Watoto wa mtaa mzima wamevaa mikono yangu.
Na kila mwaka wa pili nikipeleka picha, damu, vidole,
nikafanywa mgeni upya.

Fomu ina vijumba.
Jina. La baba. La babu. La baba wa babu.
Zuwena. Hamduni. Seif.
Kijumba cha nne kikanikodolea macho.
Kwetu Wete, mzee yule akitajwa ni Pakacha tu,
hatembei bila pakacha mkononi,
na hakuna aliyepata kuuliza lililomo,
wala jina alilopewa na mamaye.
Huwezi kuiandikia serikali: Pakacha.

Basi tukaenda Ibra, na nyuma ya Ibra,
kijiji cha nyumba za udongo zilizolala chali
na mitende iliyokataa kufa.
Huko maji ya mfereji hugawiwa kwa saa,
na saa hurithiwa kama shamba.
Mwenye daftari la maji alivaa miwani ya kufungwa uzi.
Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama:
*Sleyum bin Mbarak, baba wa Seif. Nusu saa,
kila siku ya nane, usiku. Amesafiri.*

Amesafiri! Wino umekuwa rangi ya chai
na bado hawakuandika kwamba hakurudi.
Maji yake hukodishwa, pesa huingia msikitini.
Nikavua viatu, nikatia miguu.
Samaki wadogo wakaja kunidonoa vidole
bila kuniuliza kitambulisho.
Kumbe, Pakacha, ulikuwa na jina.
Kumbe ulikuwa na nusu saa.

Karatasi nyingine ilinikalia kooni zaidi:
ahadi, kwamba siku nitakayokubaliwa
nitaukana uraia wa kwanza.
Kukana ni neno la mzazi
na mwana aliyemwaibisha. Mimi Wete
haijanifanya lolote. Nikauliza,
hakuna fomu ya kuaga?
Thuraya hakulitafsiri swali hilo.
Pasipoti imo mkobani, baina ya kitana na dawa za presha,
haijui kitu.

Mia na kumi na nne.

Kijana wa dirishani, kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
anasoma jina la Sleyum mara mbili,
anaitazama nakala ya daftari la maji
kama mtu aliyeletewa samaki badala ya risiti.
Anaondoka nayo. Anarudi. Anagonga muhuri.
Weka sahihi.

Nikaweka, kama nilivyofunzwa skuli,
toka kushoto. Akatikisa kichwa,
akanipa karatasi safi, akasema neno.
Thuraya akaniinamia: "Anza kulia, shangazi."
"Mwanangu," nikamwambia, "kulia nilianza zamani."
Tukacheka mpaka mtandio ukaanguka,
na kijana akatutazama, akatabasamu kwa adabu,
na hatukumweleza. Hili letu.

Kisha kalamu nikaipeleka ukingo wa kulia.
Ze ikasimama peke yake; haishikani na ijayo.
Wau nayo peke yake.
Ndipo zile tatu za mwisho zikapeana mikono.

Jibu huja kwa simu, alisema.
Huenda mwaka. Huenda mitatu.
Ndani ya gari nilihesabu vidoleni, nane na nane,
toka siku ile ya samaki.
Thuraya akauliza, "Unahesabu nini?"
Leo usiku, nikamwambia, ni zamu yetu ya maji.